Mistari, Ukwaruzo na Nafasi: Namna ya Kuitazama Picha ya Malisho Iliyochorwa kwa Tindikali

Katika ofisi za zamani za Mombasa, kwenye kumbi za hoteli za pwani na katika maduka ya vitu vya kale yaliyo karibu na Mji wa Kale, huonekana picha ndogo nyeusi zilizotiwa fremu: ng'ombe wawili watatu kando ya mto, mchungaji aliyeketi chini ya mti, kijumba cha nyasi, anga pana lenye mawingu. Siku hizi picha za namna hiyo huuzwa pia kupitia simu, na maelezo yanayoandamana nazo hupingana. Muuzaji mmoja huziita michoro ya penseli, mwingine huziita picha za kamera ya zamani, wa tatu husema ni nakala za mashine zisizo na thamani, na wa nne huapa kwamba ni kazi ya mkono wa Rembrandt mwenyewe, yule mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, kisha akataja bei ya kiwanja. Mnunuzi hubaki njia panda. Hata yule asiyekusudia kununua, anayependa kutazama tu, huishia kusema kwamba ni picha nzuri ya ng'ombe na kwenda zake, kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa kitu kingine cha kutazama ndani yake.

Nyingi ya picha hizo ni michoro ya tindikali au nakala za michoro hiyo, na mkanganyiko huanzia kwenye kutojua zilivyotengenezwa. Anayejua jinsi mstari ulivyoingia kwenye karatasi hujua pia atazame nini, kwa maana katika kazi ya aina hii ng'ombe na mti ni kisingizio cha kuanzia tu. Kilichopo kwa hakika ni vitu viwili, mstari mweusi na karatasi iliyoachwa wazi, na kila tunachodhani tunakiona, yaani jua la alasiri, manyoya ya kondoo, umbali wa maili kadhaa na mvua inayokaribia, kimeundwa kwa viwili hivyo.

Shaba, nta na tindikali

Mchoro wa tindikali ni picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la metali, aghalabu shaba nyekundu, ambalo mistari yake imechimbwa na tindikali badala ya kuchimbwa na mkono. Msanii hulipaka bamba lake tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu wa miti, tabaka ambalo tindikali haiwezi kulipenya. Wengi hulifukiza tabaka hilo kwa moshi wa mshumaa mpaka likawa jeusi, ili kila sindano inapopita shaba ing'ae chini yake. Kisha msanii huchora. Sindano yake haikati shaba, huondoa nta tu, kwa hiyo mkono huenda kwa wepesi uleule wa kuandika kwa kalamu, ukitetemeka, ukigeuka ghafla, ukirudi ulikotoka. Bamba linapotumbukizwa katika tindikali, sehemu zilizofunikwa na nta husalimika na zile zilizokwaruzwa huliwa.

Chombo cha pili cha msanii ni muda. Mstari ulioliwa kwa dakika chache huwa mwembamba na hafifu. Ulioachwa kwa muda mrefu huwa na kina, hubeba wino mwingi na hutoka mweusi tititi. Msanii anaweza kulitoa bamba katikati ya kazi, akafunika kwa vanishi mistari ya vilima vya mbali iliyokwisha kumtosheleza, kisha akalirudisha ili mistari ya mti ulio karibu iendelee kuliwa. Kwa hiyo tofauti ya weusi kati ya mti wa mbele na kilima cha nyuma haikutokana na kukandamiza kalamu. Ilitokana na saa.

Mwishowe nta huondolewa, wino mzito husukumwa ndani ya mifereji, na uso wa bamba hufutwa kwa kitambaa, mara nyingi na kwa kiganja cha mkono pia, hadi wino ubaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyolowanishwa kidogo hulazwa juu, na vyote viwili hupitishwa kati ya magurudumu mazito ya mashine, chini ya blanketi nene, mpaka karatasi ikazama katika mifereji na kuutoa wino. Kazi hiyo huacha alama mbili zinazoonekana kwa macho. Wino husimama juu ya karatasi kidogo, jambo linaloonekana picha ikiinamishwa kwenye mwanga wa dirisha, na kuizunguka picha huwa kuna mbonyeo wa mstatili ulioachwa na ukingo wa bamba. Picha nayo hutoka ikiwa imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Rembrandt mara nyingi hakujisumbua kuirekebisha hali hiyo, na ndiyo maana mchoro wake wa mji wa Amsterdam wa mnamo 1640 unauonyesha mji huo kinyume na ulivyokuwa.

Ufundi huu haukuzaliwa kwa wachoraji. Mafundi wa silaha wa nchi za Wajerumani walikuwa wakitumia tindikali kutia nakshi kwenye deraya za chuma, na Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyekuwa mmoja wa mafundi wa nakshi hiyo, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuuhamishia kwenye karatasi, karibu na mwaka 1500. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer aliujaribu kwenye mabamba ya chuma kati ya 1515 na 1518, akatoa michoro 6, kisha akauacha. Karne moja baadaye shaba ilikuwa imeshika nafasi ya chuma, na Rembrandt, aliyeishi kuanzia 1606 hadi 1669, alitengeneza karibu mabamba 300.

Watu wengi hudhani kwamba nyuma ya kila chapa ya namna hii kuna picha asilia iliyofichwa mahali fulani, na kwamba walichonacho mkononi ni kivuli chake. Sivyo. Msanii hakuchora picha ya rangi kisha akainakili. Alichora kwenye bamba ili bamba litoe chapa, na chapa ndiyo kazi yenyewe. Bamba ni chombo, na tena ni chombo kinachoonyesha mambo kinyume. Kinachopaswa kutenganishwa ni chapa iliyotoka kwenye bamba, kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine picha ya chapa hiyo iliyopigwa kwa kamera na kutolewa kiwandani kwa maelfu. Ukiitazama hiyo ya pili kwa kioo cha kukuzia, aghalabu utaona vidoadoa vingi vilivyopangwa kwa safu, ilhali ya kwanza itakuonyesha mstari mzima wenye wino mfululizo. Si aibu kabisa kuipenda na kuitazama ile ya kiwandani, mradi isiuzwe kwa bei ya mwenzake.

Kazi anayoifanya mstari

Kabla ya kutazama ng'ombe, mtazamaji achague mstari mmoja na kuufuata tangu unapoanza hadi unapokoma. Mstari uliochimbwa na tindikali huwa na upana unaokaribiana kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha zake huwa butu, kwa sababu tindikali hula kila ilipofika bila kujali mkono ulikuwa na nguvu kiasi gani. Mstari uliochongwa kwa kalamu ya chuma ya kuchongea huanza mwembamba, hunenepa katikati na kuchongoka tena mwishoni, kwa kuwa mkono husukuma chombo ndani ya shaba kisha hukiinua. Ni mstari wenye adabu, mgumu kidogo, usiopenda mzaha. Aina ya tatu hutokana na kukwaruza shaba moja kwa moja kwa ncha kali bila nta wala tindikali. Ncha hiyo huinua kijiukingo cha shaba kando ya mkwaruzo, ukingo huo hushika wino, na mstari hutoka ukiwa na manyoyamanyoya laini pembezoni. Rembrandt alizichanganya aina zote tatu katika bamba moja bila kuona tabu, na sehemu kubwa ya raha ya kumtazama ni kugundua ni wapi alibadilisha chombo.

Mstari ukishaeleweka ulivyo, swali linalofuata ni kazi unayoifanya. Kazi ya kwanza, ambayo kila mtoto huijua, ni kuzungushia umbo: mgongo wa ng'ombe, paa la nyumba, shina la mti. Mkazi wa Mombasa ana mahali pa karibu pa kujizoeza kuiona kazi hiyo ikiwa peke yake. Ndani ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuna michoro ya ukutani ya enzi zao, yenye meli na watu, iliyochorwa kwa weusi wa makaa na wekundu wa udongo. Michoro hiyo ni ya mistari ya kuzungushia. Inatuambia hii ni meli na huyu ni mtu, na inatuambia vizuri sana, ila haituambii mwanga unatoka upande gani wala kitu kina uzito kiasi gani.

Mchoro wa tindikali wa malisho huanzia hapo ukaenda mbali zaidi. Kivuli ndani yake hutengenezwa kwa mistari sambamba iliyokaribiana. Mistari ikisongamana, kivuli huwa kizito, na ikiachana, kivuli hupungua. Weusi zaidi ukihitajika, safu ya pili hupitishwa juu ya ya kwanza kwa mshazari, na pengine ya tatu, hadi pakawa na wavu wa weusi. Hapana rangi ya kijivu popote, bali kuna nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa vipimo ambavyo jicho huvichanganya lenyewe. Tena mistari hiyo ya kivuli haiendi ovyo. Juu ya ubavu wa ng'ombe hujipinda kufuata mduara wa mbavu, juu ya kilima hushuka na mteremko, juu ya ardhi tambarare hulala. Ukifunika kichwa na miguu ya ng'ombe aliyechorwa na fundi hodari, ubavu uliobaki bado utaonekana ni wa mviringo, kwa sababu mwelekeo wa mistari peke yake umekwisha kutoa taarifa hiyo. Kwa mchoraji dhaifu ubavu hugeuka kuwa ukuta.

Umbali nao ni kazi ya mstari. Vitu vya mbele hupewa mistari minene iliyoliwa kwa muda mrefu, ya kati hupewa ya wastani, na vya mbali hupewa michache, myembamba, isiyokamilika. Mji mzima kwenye upeo wa macho unaweza kuwa mistari kumi na mnara mmoja.

Sufi, gome na maji

Hali ya uso wa vitu, yaani ukwaruzo wa gome, wororo wa sufi au utelezi wa maji, ndiyo sehemu ambayo mtazamaji mpya huifurahia haraka na pia ndiyo anayoielewa vibaya. Hudhani kwamba msanii amechora unywele mmoja mmoja na jani mojamoja, na kwamba ustadi ni uvumilivu. Hakuna anayechora majani yote ya mti. Kila msanii huwa na namna zake za kukwaruza: vijimstari vifupi vilivyojikunja kwa sufi ya kondoo, mistari mirefu iliyoegemeana kwa paa la nyasi, mistari iliyokatikakatika kwa gome, vishada vya mistari ya mviringo kwa majani, na kwa maji yaliyotulia, mistari michache ya kulala yenye weupe mwingi kati yake. Paulus Potter, Mholanzi aliyefariki mwaka 1654 akiwa hajafikisha miaka 30, alitoa mwaka 1650 mfululizo wa michoro ya ng'ombe na mafahali ambamo ngozi iliyonyooka mgongoni, mikunjo ya shingo na manyoya ya paji la uso hutofautishwa kwa urefu na mkunjo wa vijimstari tu. Mtu aliyewahi kusimama karibu na ng'ombe wa Kinango atazitambua ngozi hizo bila kuelezwa, ijapokuwa mifugo yenyewe si ya jamii moja.

Kuna jambo moja ambalo likishajulikana hubadilisha kabisa namna ya kutazama. Ukwaruzo wa kitu hauonekani sana mahali penye mwanga mkali, kwa kuwa mwanga huufuta, wala hauonekani ndani ya kivuli kizito, kwa kuwa giza huumeza. Huonekana mpakani, pale mwanga unapoanza kugeuka kivuli. Wasanii wanaoijua kazi yao huweka vijimstari vyao vya sufi kwenye mpaka huo na kuuacha mgongo wa kondoo ukiwa karatasi tupu. Jicho hujaza lililobaki, na mtazamaji ataapa kwamba ameiona sufi hadi mgongoni, mahali ambapo hapakuchorwa kitu.

Hapo ndipo panapoanguka dhana mbili zinazosikika sana. Ya kwanza ni kwamba picha yenye weupe mwingi haikumalizika, na ya pili, ambayo ni pacha wa ya kwanza, ni kwamba mistari ikiwa mingi zaidi ndipo ustadi unapokuwa mkubwa zaidi. Weupe katika mchoro wa tindikali ndio mwanga wenyewe. Hakuna wino mweupe wa kuurudisha ukishapotea, na kila mstari unaoongezwa huondoa sehemu ya jua. Ni kweli kwamba wapo waliopenda wingi. Mwingereza Samuel Palmer, aliyeishi kuanzia 1805 hadi 1881 na kukamilisha michoro 13 tu ya tindikali, aliyajaza mabamba yake mistari hadi wachungaji na kondoo wake wakawa wamezama katika machweo mazito. Lakini hata yeye aliandika kwamba uzuri wa kazi hii uko katika maelfu ya vijicho vya mwanga vinavyochungulia kati ya mistari. Katika mchoro wake wa mwaka 1879 wa mnara wa upweke, vijicho hivyo huonekana hata kwenye sehemu zilizo nyeusi kabisa, na vikiziba, kama inavyotokea katika nakala mbaya za kiwandani, picha hufa. Kwa maoni yangu Palmer ndiye mwalimu bora wa somo la weupe, kwa sababu kwake weupe ni haba na kila chembe yake ina kazi.

Miti mitatu na nchi tambarare

Mpangilio ni namna ambavyo vitu vimegawiwa nafasi ndani ya mstatili wa karatasi, ili jicho lijue pa kuingilia, pa kupita na pa kupumzika. Msomaji wa pwani tayari anaujua mpangilio mmoja kwa undani, nao ni wa leso. Leso ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lililoandikwa juu ya pindo la chini. Kushoto hulingana na kulia, kwa kuwa kitambaa hicho kitafungwa, kitajitandwa na kukunjwa, na lazima kiendelee kueleweka kikiwa mwilini mwa mtu anayetembea. Mchoro wa malisho umeundwa kutazamwa umetulia, na mtu mmoja, kwa umbali wa mkono, kwa hiyo hauhitaji ulinganifu huo na kwa kawaida huukwepa. Mji wake, tuuite hivyo, umesukumwa upande mmoja, na upande wa pili umeachiwa uwazi mkubwa unaolingana nao kwa uzito. Anayetazama mchoro wa malisho kwa jicho la leso hulalamika kwamba mti haukuwekwa katikati, na hapo huwa amekosa nusu ya picha.

Mfano unaofaa zaidi ni mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1643 unaojulikana kwa jina la Miti Mitatu, uliochorwa wakati ngome yetu ya Mombasa ingali mikononi mwa Wareno. Ndio mkubwa kuliko michoro yake yote ya tindikali ya mandhari, na bado ukubwa wake ni takriban sentimita 21.3 kwa 27.9, yaani karibu sawa na karatasi ya A4. Upande wa kulia, juu ya kilima kidogo, miti mitatu imesimama pamoja, myeusi, mbele ya anga jeupe. Upande wa kushoto nchi tambarare inanyooka hadi kwenye mji ulio kwenye upeo wa macho, ambao kwa kawaida huchukuliwa kuwa Amsterdam. Juu kushoto kabisa, fungu la mistari iliyonyooka kana kwamba imepigwa kwa rula linashuka kwa mshazari: ni mvua, inayokuja au inayoondoka, na watazamaji wamebishana juu ya hilo kwa muda mrefu. Mawingu yanajiviringisha katikati. Upeo wa macho umewekwa chini, kama ilivyo desturi ya Waholanzi ambao nchi yao haina milima, kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi ni hewa.

Tazama sasa jinsi uzito ulivyogawanywa. Miti ni kitu kidogo kwa eneo, ila ndiyo myeusi kuliko vyote, na imesimama wima katika nchi ambamo karibu kila kitu kimelala. Kingetosha kuiinamisha picha yote upande wa kulia. Kinachoizuia ni ule uwazi wa kushoto, ambao ni mpana mno, pamoja na mistari ya mvua inayoshuka kutoka pembe iliyo mbali nayo. Jicho huanzia kwenye miti, kwa sababu haliwezi kuanzia pengine, kisha huteremka na kilima hadi malishoni ambako ng'ombe na wachungaji wametawanyika wakiwa wadogo kama punje, huendelea hadi mjini, hupandishwa na mvua, hupita mawinguni na kurudishwa mitini. Mzunguko huo si bahati. Kila sehemu yake ina mstari unaoelekeza kwenye sehemu inayofuata.

Mistari yenyewe pia imegawanywa kwa tabia. Ile ya mvua haina uhai wa mkono, imenyooka na imekaza. Ya mawingu ni ya mviringo na ya haraka. Ya majani ya miti imesongamana hadi ikapoteza umoja wake, na ya nchi ya mbali ni michache inayokaribia kutoweka. Hata ukigeuza picha juu chini, ili ng'ombe na mji visitambulike tena, bado utaona aina nne za mwendo zikipambana na kupatana ndani ya mstatili mmoja. Ninapendekeza kuigeuza hivyo kwa dhati, ingawa walinzi wa makumbusho hawatakuruhusu.

Kisha kuna yaliyofichwa. Chini kushoto, kando ya maji, mvuvi amekaa na fimbo yake, na mwanamke yuko karibu naye. Juu ya kilima, upande wa kulia, mtu mmoja mdogo sana ameketi akichora, naye ameipa mgongo dhoruba yote tunayoitazama sisi. Na katika vichaka vyeusi vya kona ya chini kulia wamejificha wapenzi wawili, waliofunikwa na mistari pishano kiasi kwamba mtu anaweza kuimiliki picha hiyo kwa miaka asiwaone. Wengine husema hizo ni hadithi ndogo za kuburudisha. Mimi naona zina kazi ya mpangilio: zinalipa jicho ujira kwa kuingia kwenye sehemu zenye giza, mahali ambapo lingepita haraka, na kwa hiyo zinaifanya pembe nzito ya chini kulia isiwe shimo.

Malisho ya nani

Neno malisho linaweza kupotosha. Anayejua ufugaji wa Waorma wa Tana River au wa vijiji vikavu vya Kwale hujua kwamba maisha ya mchungaji ni kutembea, kiu, kupanga safari za maji na kuhesabu mifugo iliyokufa. Michoro mingi ya malisho ya Ulaya haisemi hayo. Ilinunuliwa na watu wa mjini, na ilichorwa kwa ajili ya tamaa yao ya kupumzika. Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma, alichora mwaka 1636 mchunga ng'ombe anayepiga filimbi huku mifugo yake ikivuka maji, na mistari yake ni mepesi mno hivi kwamba ukungu wa mwanga huonekana ukiipumua. Hakuna ng'ombe aliyekonda. Kumlaumu kwa hilo ni kukosea anwani, kwa sababu hakudai kutoa habari za ufugaji. Alikuwa akichora mwanga wa jioni, na ng'ombe walimpa mahali pa kuuangusha mwanga huo.

Jean-François Millet, aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa Normandie na kuhamia kijiji cha Barbizon mwaka 1849, alikwenda njia nyingine. Wachungaji wake wa kike hufuma sufi wakiwa wamesimama kulinda kondoo, kwa kuwa mikono ya maskini hairuhusiwi kukaa bure. Mistari yake ni minene, michache na mizito, haina urembo wa Claude, na watu wake hujaza karatasi badala ya kupotea ndani ya mandhari. Hapo mstari na mpangilio vinabeba maana kabla ya kisa chenyewe kujulikana, na mtazamaji aliyezoea kufuata mistari ataisikia tofauti hiyo hata kama hajui mmoja alikuwa nani na mwingine alitoka wapi.

Kuhusu nambari na saini, maneno machache yanatosha. Nambari kama 12/50 chini ya picha humaanisha chapa ya kumi na mbili kati ya hamsini zilizotolewa, na desturi hiyo ilienea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Rembrandt hakuwahi kuweka nambari za namna hiyo, kwa hiyo anayekuuzia Rembrandt wa 3/100 amejishitaki mwenyewe. Imani kwamba nambari ndogo daima ni bora ina chembe ya ukweli, kwani shaba huchakaa na ule ukingo laini wa mstari uliokwaruzwa bila tindikali huisha baada ya chapa chache, ila nambari haionyeshi kila mara mpangilio halisi wa kuchapa, na tangu karne ya 19 mabamba mengi yamefunikwa kwa tabaka jembamba la chuma ili yasichakae. Jambo zito zaidi ni kwamba baadhi ya mabamba ya Rembrandt yaliendelea kuchapwa hadi karne ya 18 na baada yake, yeye akiwa amekwisha fariki. Chapa kama hiyo imetoka kwenye bamba lake kweli, lakini mistari iliyochoka na kurekebishwa na watu wengine haina tena ile tofauti ya saa tuliyoieleza.

Kwa asiye na nauli ya kwenda Uholanzi, Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi iliyoko Amsterdam, imeweka michoro ya Rembrandt kwenye intaneti bure, kwa ubora unaoruhusu kukuza hadi mstari mmoja ujaze kioo. Tahadhari yake ni kwamba kioo cha simu hudanganya juu ya ukubwa: hufanya mchoro mdogo uwe stempu na hufanya kijimstari kiwe mkuki. Kwa hiyo ni vyema kwanza kukata karatasi ya sentimita 21.3 kwa 27.9, kuishika kwa umbali wa mkono na kukadiria ndani yake urefu wa miti, upana wa anga na udogo wa ng'ombe, halafu ndipo kukuza kona ya chini kulia na kuwatafuta wale wapenzi wawili, ambao hupatikana kwa urahisi zaidi kwa kufuata mistari inayobadilisha mwelekeo kuliko kwa kutafuta nyuso.